Foleni ya kivuko imekwisha, wauza chakula Kigongo na Busisi wafanye nini?

KWA miaka mingi, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita, Chato au Bukoba alijua kwamba akifika Kigongo lazima asimame. Hapo ndipo barabara ilipokutana na maji ya Ziwa Victoria. Gari liliingia kwenye foleni, abiria walishuka, na wakati wakisubiri kivuko walikula. Sato wa kukaanga, ugali, mahindi ya kuchoma, ndizi, matunda, soda na maji baridi viliuzwa pande zote mbili za maji, Kigongo iliyo wilayani Misungwi na Busisi iliyo wilayani Sengerema.

Juni 19, 2025 mambo yalibadilika. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita tatu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Desemba 2019 na Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli. Ujenzi wake uligharimu zaidi ya Sh700 bilioni. Safari ya kuvuka, ambayo pamoja na kusubiri iliweza kuchukua saa mbili au zaidi, sasa humalizika kwa dakika chache.

Hakuna anayebisha kwamba daraja hilo ni neema. Mgonjwa anafika hospitali mapema, samaki hawaharibiki njiani, na mwenye lori la mchele halali tena kwenye foleni. Lakini kwa mama lishe aliyekuwa na meza yake ng'ambo hii au ile, foleni ile iliyolalamikiwa na kila mtu ndiyo iliyokuwa soko lenyewe. Foleni ilipokwisha, mteja naye akapita juu kwa juu.

Suala hili si la watu wa ukingoni mwa ziwa peke yao. Wali uliouzwa kwenye mabanda yale ulitokana na mpunga wa mkulima fulani, na kuku aliyechomwa alifugwa uwani kwa mtu. Kwa wakulima wa Samuye na vijiji vingine vya Wilaya ya Shinyanga, mabanda ya chakula ya kando ya ziwa yapo kwenye njia ileile wanayopitisha mazao yao. Anayetoka Shinyanga kwenda Mwanza hufika Usagara kabla ya kuingia jijini, na hapo Usagara ndipo barabara ya Kigongo inapochepukia. Kwa maneno mengine, mzigo wa Samuye unaweza kufika Kigongo bila kuingia kwenye msongamano wa jiji la Mwanza. Banda la chakula likifa Kigongo, kuna gunia la mchele linalokosa mnunuzi Samuye.

Swali basi ni moja. Je, maeneo haya mawili yanaweza kuwa kituo cha biashara na chakula cha kando ya ziwa bila kutegemea kivuko? Mifano ya mahali pengine, iliyofanikiwa na iliyoshindwa, inaonyesha kwamba yanaweza, lakini si kwa kuendelea kufanya biashara kama zamani.

Mteja wa lazima na mteja wa hiari

Jambo la kwanza la kuelewa ni aina ya mteja aliyeondoka. Abiria wa kivuko alikuwa mteja wa lazima. Hakuichagua Kigongo; alikwama Kigongo. Alikula kwa sababu ana njaa na hana pa kwenda. Hata kama samaki alikuwa wa jana, benchi bovu au choo hakifai, alinunua. Mfanyabiashara hakuwa na haja ya kumshawishi, ilitosha kumfikia kabla mwenzake hajamfikia.

Mteja anayepita darajani ni wa hiari. Ana gari linalokwenda, na mbele yake kuna Sengerema na Geita, au Usagara na Mwanza, ambako pia kuna chakula. Ili asimame, lazima awe na sababu. Kwa hiyo mfanyabiashara anayesubiri wateja warudi kama zamani anasubiri mvua kiangazi.

Jijini Dar es Salaam, Daraja la Nyerere la Kigamboni lilizinduliwa Aprili 2016, lakini kivuko cha Magogoni hakikukosa abiria. Sababu yake ni rahisi. Kivuko kile kinamshusha mtu katikati ya jiji, karibu na ofisi na karibu na soko la samaki la Feri, wakati daraja lipo mbali na hapo. Watu waliendelea kupita Feri kwa kuwa Feri yenyewe ina kitu wanachokitaka. Kigongo na Busisi hazina bahati hiyo kwa kuwa daraja limepita karibu kabisa na kivuko. Itabidi zitengeneze kitu chao wenyewe cha kuwasimamisha watu.

Forodhani ilivyofufuka

Mfano mzuri zaidi wa karibu upo Zanzibar. Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, ilianzishwa katika miaka ya 1930 mahali palipokuwa na shughuli za bandari na forodha. Kwa miongo mingi ilikuwa sehemu ya wakazi wa Mji Mkongwe kupunga upepo jioni na kula mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa.

Kufikia miaka ya 2000, bustani hiyo ilikuwa imechakaa. Ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na maji, mifereji haikufanya kazi vizuri, majani yalikuwa yamekufa na taa zilikuwa haba. Wauza chakula walikuwapo, lakini mazingira yao hayakumpendeza mlaji wala muuzaji.

Mwaka 2008, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa kushirikiana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ilianza kuikarabati, na Julai 2009 bustani ilifunguliwa tena. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, mifereji na taa vikawekwa, njia za kutembelea zikajengwa, watoto wakapata mahali pa kuchezea, na wauza chakula wakapangiwa eneo lao.

Mambo matatu katika kazi ile yanawafaa wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa. La kwanza, wauza chakula hawakufukuzwa. Walihamishwa kwa muda wakati wa ujenzi, kisha wakarudi, kwa sababu bila wao bustani ingekuwa majani na mabenchi matupu. La pili, fedha nyingi zilikwenda kwenye vitu ambavyo mteja havioni kirahisi, yaani ukuta, maji machafu na umeme. La tatu, na huenda ndilo kubwa kuliko yote, bustani ilibaki kuwa ya wenyeji. Watalii huja kwa misimu, lakini familia za mjini hutoka kila jioni. Mtalii naye hupenda kukaa walipokaa wenyeji.

Mombasa nayo ilifuata njia inayofanana mwaka 2019, pale serikali ya Kenya ilipokarabati eneo la Mama Ngina, kando ya mlango wa bahari wa Likoni. Wakazi wa Mombasa walikuwa wamezoea kwenda pale jioni kula mihogo na kunywa madafu. Ukarabati uliboresha sehemu ambayo watu walikuwa tayari wanaipenda, haukubuni mapenzi mapya.

Lwang'ni: biashara nzuri kwenye ardhi ya wengine

Kisumu, upande wa pili wa Ziwa Victoria, kuna somo la uchungu. Kwa miaka mingi mabanda ya Lwang'ni, ufukweni mwa mji huo, yalikuwa mahali maarufu pa kula samaki. Jina lenyewe kwa Kijaluo lina maana ya inzi, na halikumzuia mtu kula pale. Watumishi wa ofisi, madereva na wageni walikaa meza moja, wakachagua samaki wao na kuletewa na ugali.

Mwaka 2019, wakati Kenya ikifufua bandari ya Kisumu, mabanda yale yalibomolewa. Hayakubomolewa kwa sababu biashara ilikuwa mbaya. Biashara ilikuwa nzuri sana, ila ardhi ilikuwa ya mamlaka za serikali zilizoihitaji kwa kazi nyingine. Watu waliojenga jina kwa miaka mingi walipoteza mahali pao kwa muda mfupi.

Wafanyabiashara wa Kigongo na Busisi, kabla ya kununua bati moja au mfuko mmoja wa saruji, wanapaswa kuuliza swali ambalo wengi hulikwepa: ardhi hii ni ya nani?

Mita 60 za ziwa, mita 30 za barabara

Sheria mbili zinawagusa moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 nayo iliongeza hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukiziweka pamoja, eneo linalotamaniwa zaidi na mfanyabiashara, yaani linaloonekana barabarani na lililo karibu na maji, ndilo lenye masharti mengi zaidi.

Hii haina maana kwamba biashara haiwezekani. Ina maana kwamba mpango ni lazima uanzie halmashauri, si kwenye nyundo na misumari. Halmashauri za Misungwi na Sengerema, pamoja na Wakala wa Barabara (Tanroads) na mamlaka ya mazingira, zinaweza kukaa na wafanyabiashara na kuonyesha kwenye ramani mahali pa kuegesha magari, mahali pa majengo ya kudumu nje ya mita 60, na mahali ambapo meza na miavuli inayoondolewa jioni inaweza kuruhusiwa. Karatasi hiyo yenye muhuri ina thamani kuliko banda la milioni tatu lililowekewa alama ya X.

Gari lisimame kwanza

Hakuna biashara ya barabarani bila maegesho. Mwenye gari dogo huamua ndani ya sekunde chache kama atasimama. Akiona pa kuingilia ni pabovu, pana tope au pana hatari ya kugongwa akirudi barabarani, anakanyaga mafuta. Kwa hiyo mchango wa kwanza wa pamoja usiwe wa kupaka rangi mabanda. Uwe wa kifusi, mtaro na kibao kinachoonekana kabla dereva hajafika, si baada ya kupita.

Mabasi yana utaratibu wake. Anayesafiri barabara ya Dar es Salaam kwenda Arusha anajua kwamba basi litasimama Korogwe au Mombo abiria wale. Basi halisimami pale kwa bahati. Wenye hoteli walielewana na wenye mabasi, wakaweka vyoo vingi, wakaandaa chakula cha kutolewa haraka, na dereva na kondakta wanakula bila kulipa. Abiria ana dakika 15 au 20 tu, hivyo chakula kinachohitaji nusu saa jikoni hakimfai.

Basi linalotoka Mwanza kwenda Geita halina haja ya kusimama kula Kigongo kwa sababu safari ndiyo kwanza imeanza. Lakini basi linalotoka Bukoba, au lori linalorudi kutoka mipaka ya Rwanda na Uganda, linafika Busisi baada ya saa nyingi njiani. Dereva amechoka na abiria wana njaa. Hapa Busisi ina nafasi ambayo Kigongo haina. Kigongo kwa upande wake ipo chini ya mwendo wa saa moja kutoka Mwanza, hivyo mteja wake wa asili ni mkazi wa jiji anayetoka na familia Jumamosi na Jumapili kuliona daraja na ziwa. Pande hizi mbili zisiigane, kwa kuwa wateja wake si walewale.

Kabla ya kutumia fedha, kikundi cha wafanyabiashara kinaweza kufanya kazi isiyogharimu kitu: vijana wawili wakae barabarani na daftari kwa wiki moja, wahesabu mabasi, malori, magari madogo na bodaboda, saa ngapi yanapita na yanakwenda upande upi. Daftari hilo litaonyesha ni saa ngapi chakula kiwe tayari, na litakuwa ushahidi mbele ya benki au halmashauri.

Samaki mmoja mzuri kuliko vyakula kumi

Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, inajulikana kwa vitunguu. Kibaigwa mkoani Dodoma inajulikana kwa mahindi. Msafiri anajua kabla hajafika atanunua nini. Sehemu inayouza kila kitu haikumbukwi kwa lolote.

Kigongo na Busisi zina sato na sangara wabichi, na hapo ndipo pa kuanzia. Mteja aoneshwe samaki kabla hajakaangwa, achague, apimiwe kwa mizani na aambiwe bei iliyoandikwa ubaoni. Bei ya kukisia kwa kuangalia aina ya gari ndiyo inayomfanya mtu asirudi mara ya pili. Mtu aliyelaghaiwa Sh3,000 huwaeleza wenzake ishirini.

Maji ya kunawa yanayotiririka, sabuni, vyoo safi vya wanaume na wanawake, na mahali pa kutupa taka si anasa. Mama anayesafiri na watoto huchagua pa kusimama kwa kuangalia choo kwanza, chakula baadaye. Maji machafu na matumbo ya samaki yakielekezwa ziwani, biashara inakata tawi ililokalia, mbali na kuvunja sheria.

Kisha kuna bidhaa za kubeba. Mtu asiyetaka kula anaweza kununua. Dagaa waliokaushwa juu ya vichanja badala ya mchangani, wakafungwa kwenye mifuko safi yenye uzito ulioandikwa, wanauzika kwa msafiri yeyote. Vivyo hivyo mchele, asali, karanga, na vyakula vya Kisukuma vya viazi vitamu, yaani michembe inayokatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, na matobolwa yanayochemshwa kwanza kabla ya kukaushwa. Msukuma anayeishi Dar es Salaam, akirudi kutoka likizo, yuko tayari kulipa vizuri kwa kilo moja ya matobolwa safi yaliyofungwa vizuri. Leo mara nyingi anayapata kwenye gunia lililo wazi kando ya barabara, akiwa na wasiwasi wa vumbi.

Walioshindwa Marekani

Tahadhari moja inatoka mbali. Mwaka 1980, mji wa Baltimore nchini Marekani ulifungua jengo la maduka na migahawa kando ya bandari yake ya zamani, lililoitwa Harborplace. Lilisifiwa dunia nzima na miji mingine ikaiga. Kampuni hiyohiyo ya Rouse ilijenga kama hilo Jacksonville, Florida, likafunguliwa mwaka 1987.

Mwanzoni watu walifurika. Baadaye maduka ya wenyeji yalipungua, yakaingia ya makampuni makubwa yanayopatikana kila mahali, na mkazi wa mji akaona hana sababu ya kwenda pale. Wamiliki wakabadilika, matengenezo yakachelewa, vyumba vikabaki vitupu. La Jacksonville liliamuliwa kubomolewa na kazi ikaanza mwaka 2019. Mwaka huohuo Harborplace iliwekwa na mahakama chini ya msimamizi, na Novemba 2024 wapiga kura wa Baltimore waliridhia mabadiliko yanayofungua njia ya eneo hilo kujengwa upya.

Majengo yale yalikuwa na maji, mandhari na fedha nyingi. Yalichokosa ni mteja wa kila wiki. Fundisho kwa halmashauri zetu ni kwamba jengo kubwa la ghorofa kando ya ziwa, lenye kodi ambayo mama lishe hawezi kuilipa, linaweza kupendeza siku ya uzinduzi na kubaki na popo miaka mitano baadaye. Ni afadhali kuanza na mabanda ishirini yenye maji, umeme na choo, kodi ndogo, na nafasi ya kupanua.

Mkulima wa Samuye anaingiaje?

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mabanda 20 yamesimama vizuri, na kila banda linapika kilo nane za mchele kwa siku. Hizo ni kilo 160 kwa siku, au kilo 4,800 kwa mwezi wa siku 30, sawa na magunia 48 ya kilo 100. Tuseme pia kila banda linauza kuku watatu wa kienyeji kwa siku. Hao ni kuku 60 kwa siku, 1,800 kwa mwezi.

Magunia 48 kikundi cha wakulima wa mpunga kinaweza kuyamudu, mradi kiwe na ghala na kisiuze yote wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Kuku ndio mtihani. Wafugaji 30 wakigawana mzigo huo, kila mmoja anatakiwa kutoa kuku 60 kila mwezi, yaani karibu 15 kwa wiki, bila kukosa. Hiyo si kazi ya mwenye kuku kumi wanaojitafutia uwani. Inahitaji kutotolesha kwa zamu, chakula cha ziada, na chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu. Ugonjwa ukiingia mara moja, mkataba umevunjika na mama lishe atarudi kununua kuku wa kisasa mjini.

Kwa hiyo kikundi kianze na kiasi kidogo kinachoweza kutimizwa. Ni bora kupeleka kuku 100 kila Ijumaa kwa mwaka mzima kuliko kupeleka 500 mara moja na kupotea. Mwenye banda anachokitafuta zaidi ya bei nafuu ni uhakika. Siku mzigo usipofika, yeye ndiye anayemwambia mteja kwamba leo hakuna.

Mzigo upimwe kwa kilo. Lumbesa, ambayo mkulima wa mikoa yetu ameizoea kama desturi, imepigwa marufuku kisheria, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Mwenye mabanda na mkulima wakikubaliana bei ya kilo, dalali wa katikati hana pa kujificha.

Kuhusu viazi, wakulima wana jirani wa thamani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kipo Misungwi, wilaya ileile iliyo na Kigongo. Hapo mkulima anaweza kuulizia mbegu safi za viazi vitamu, vikiwamo viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, kabla ya kufikiria michembe ya kufungasha.

Daraja lenyewe pia limefungua mlango wa pili. Mkulima aliyekuwa anaogopa foleni sasa anaweza kupeleka mzigo Kigongo asubuhi, kisha akavuka na kilichobaki hadi Sengerema au Geita, mji ambao mgodi wake mkubwa wa dhahabu umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2000 na ambao unakula kila siku bila kulima kiasi hicho. Safari moja, masoko matatu.

Mtaji na uongozi

Fedha za kuanzia zinaweza kutafutwa kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutakiwa kuitenga kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia nne wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi chenye usajili, kumbukumbu za mauzo na lile daftari la kuhesabu magari kitakuwa mbele ya kikundi kinachoomba mkopo kwa maneno matupu.

Pamoja na fedha, eneo linahitaji kamati yenye meno. Kila banda lichangie kiasi kidogo kila siku kwa ajili ya usafi, mlinzi na taa. Wachuuzi wanaokimbilia dirisha la basi wawekewe utaratibu, kwa kuwa abiria anayezongwa haoni raha ya kushuka. Na fedha hizo zisomwe hadharani kila mwezi, maana vikundi vingi vimekufa kwa kukosa uaminifu kuliko kwa kukosa wateja.

Wapo watakaofikiria kutembeza wageni kwa mitumbwi kuliona daraja kutoka majini. Ni wazo zuri lenye hatari. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Chombo kisichosajiliwa, kisicho na jaketi okoa kwa kila abiria, au kinachojaza kupita kiasi, kisiruhusiwe hata kwa safari ya dakika kumi. Ajali moja itafunga eneo zima.

Si Kigongo peke yake

Yaliyowapata wafanyabiashara wa Kigongo na Busisi yanaweza kumpata yeyote anayetegemea magari yanayosimama. Mwaka 2021 ujenzi wa reli ya kisasa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulianza, na njia hiyo inapita mkoani Shinyanga. Reli hiyo itakapofanya kazi, baadhi ya abiria na mizigo inayopita leo kwenye barabara kuu itahamia kwenye mabehewa. Mwenye genge Samuye au Tinde, mwenye mgahawa na mwenye gereji, wote wana sababu ya kuitazama Kigongo kwa makini.

Maswali ya kujiuliza ni yaleyale. Mteja wangu ananijia kwa kupenda au kwa kukwama? Ardhi ninayouzia ni ya nani? Nina kitu gani ambacho mbele hakipatikani? Anayeyajibu mapema ana muda wa kujipanga. Waliokuwa wakiuza ukingoni mwa ziwa waliziona nguzo za daraja zikipanda kwa zaidi ya miaka mitano. Waliobaki wana samaki, wana ziwa, wana barabara nzuri na wana wakulima nyuma yao. Kinachotakiwa sasa ni mabanda yenye mpango, mkulima mwenye uhakika, na halmashauri inayotangulia kwa ramani badala ya kufuata kwa tingatinga.